Mizani ya Vita: Mataifa ya Wenyeji Kati ya Mfaransa na Mwingereza, 1754–1763

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Watu wengi huitumia methali hii wasimuliapo vita vya zamani vya Amerika ya Kaskazini, ambamo Wafaransa na Waingereza walishindania nchi ambayo wote wawili waliikuta ina wenyewe. Lakini katika somo la juma hili tutaona kwamba mataifa ya wenyeji wa nchi ile hayakuwa nyasi. Yalikuwa kama jiwe la mizani, na upande liliowekwa ndio uliozidi uzito. Basi swali letu ni hili: ikiwa watu hao walikuwa na uzito mkubwa namna hiyo wakati wa vita, ilikuwaje amani ilipokuja wao ndio waliopata hasara kubwa kupita wote?

NCHI NA WAKAAJI WAKE

Katika miaka ya 1750 kulikuwa na watu wa namna tatu katika nusu ya mashariki ya bara lile. Kwanza walikuwapo Waingereza, waliokaa katika makoloni 13 kando ya bahari ya Atlantiki. Idadi yao ilipita milioni moja, na wengi wao walikuwa wakulima. Kila mwaka meli zilileta walowezi wengine, na kila baba mwenye wana wengi alitazama upande wa magharibi, ng'ambo ya milima ya Appalachian, akiwaza habari ya mashamba mapya.

Pili walikuwapo Wafaransa, ambao miji yao mikubwa ilikuwa Quebec na Montreal, kando ya mto St. Lawrence. Hao walikuwa wachache, hawakufika 80,000. Lakini ngome zao na vituo vyao vya biashara vilitawanyika mbali sana, vikayapita maziwa makubwa ya nchi ile, kisha vikaufuata mto Mississippi mpaka New Orleans, upande wa kusini. Mali yao ilikuwa ngozi za wanyama, hasa za biva, mnyama akaaye majini, ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia huko Ulaya.

Tatu walikuwapo wenye nchi. Wazungu waliwaita "Wahindi" kwa sababu Columbus, alipofika katika visiwa vya upande ule mwaka wa 1492, alidhani amefika Bara Hindi, na kosa hilo likadumu. Wao wenyewe walijiita kwa majina ya mataifa yao. Wenye sifa kuu walikuwa watu wa Umoja wa Iroquois, yaani mataifa sita yaliyofungamana pamoja: Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wacayuga, Waseneca, na Watuscarora waliojiunga baadaye. Katika bonde la mto Ohio walikaa Wadelaware na Washawnee. Kando ya maziwa makubwa walikaa Waottawa, Waojibwa na wengine wengi. Kila taifa lilikuwa na baraza lake, wazee wake na desturi zake, na hakuna lililojihesabu kuwa chini ya Mfalme wa Uingereza wala wa Ufaransa.

BABA SI BWANA

Mfaransa, kwa kuwa alikuwa mchache, hakuweza kuishika nchi kubwa vile bila urafiki wa wenyeji. Ndipo alipojifunza desturi zao. Gavana wa Wafaransa aliitwa na mataifa ya maziwani Onontio, naye aliitwa pia "baba". Lakini yafaa tuelewe vizuri neno hilo. Kwa watu wale baba hakuwa mtu wa kuamrisha. Baba alikuwa mtu wa kutoa vitu, wa kuwapatanisha watoto wagombanao, na wa kuwalinda. Baba asiyetoa kitu alikuwa amekwisha kuuvunja udugu. Kwa hiyo kila mwaka zawadi za baruti, risasi, nguo, mablanketi na sufuria zilitolewa, nazo hazikuwa rushwa wala mshahara. Zilikuwa ishara kwamba mapatano yangali hai.

Katika mwaka wa 1701, huko Montreal, mataifa karibu 40 yalifanya amani kuu na Wafaransa, na baina yao wenyewe. Watu wa Iroquois waliahidi siku hiyo kwamba Mfaransa na Mwingereza wakipigana, wao hawatashika upande. Hiyo ilikuwa busara. Maadamu wazungu wawili walikuwa wakishindana, kila mmoja alilazimika kutafuta urafiki wao, kuwauzia kwa bei nzuri na kuogopa kuwadhulumu. Nguvu yao ilitoka katika kule kusimama katikati.

UGOMVI WA BONDE LA OHIO

Bonde la Ohio lilikuwa mlango wa kuingilia magharibi. Mwaka wa 1749 Wafaransa walimtuma afisa mmoja, Céloron, ashuke mto huo na kuzika ardhini mabamba ya risasi yaliyoandikwa kwamba nchi ile ni ya Mfalme wa Ufaransa. Mwaka huo huo kampuni ya matajiri wa Virginia ilipewa na serikali ya Mfalme wa Uingereza eka 200,000 katika nchi ile ile. Wenyeji hawakuulizwa na mzika mabamba, wala hawakuulizwa na mtoa eka.

Mwishoni mwa mwaka wa 1753 Gavana wa Virginia alimtuma kijana wa miaka 21, jina lake George Washington, awapelekee Wafaransa barua ya kuwaambia watoke. Wafaransa walimkaribisha kwa adabu, na wakakataa. Mwaka uliofuata walijenga ngome mahali mito miwili ikutanapo kuwa mto Ohio, wakaiita Duquesne. Washington alirudi na askari. Tarehe 28 Mei 1754, pamoja na mzee mmoja wa Waseneca aitwaye Tanaghrisson, alikishambulia kikosi kidogo cha Wafaransa, na mkubwa wao, Jumonville, akauawa. Tarehe 3 Julai Wafaransa na rafiki zao walimzingira Washington katika boma lake, akasalimu amri. Tanaghrisson alikuwa amekwisha ondoka na watu wake. Baadaye alieleza sababu: kijana yule alikuwa na moyo mwema, lakini aliwaamrisha wenyeji kana kwamba ni watumwa wake, asitake shauri lao.

Wakati huo huo wajumbe wa makoloni saba ya Kiingereza walikutana Albany na wazee wa Iroquois. Hendrick, mzee wa Wamohawk, aliwaambia bila kuficha kwamba Gavana wa Virginia na Gavana wa Canada wanagombania ardhi ambayo ni mali ya Iroquois, na kwamba ugomvi huo waweza kuishia katika maangamizi ya wenyeji. Aliyaona mapema yale ambayo wengine waliyaona baadaye. Hata hivyo alibaki rafiki wa Waingereza, akafa akiwapigania karibu na ziwa George, tarehe 8 Septemba 1755.

NENO MOJA LA KIBURI

Mwaka wa 1755 Jenerali Braddock alikuja kutoka Uingereza na askari wa Mfalme ili aiteke ngome ya Duquesne. Shingas, mmoja wa wakuu wa Wadelaware, alimwendea na swali moja: Wafaransa wakiisha kufukuzwa, je, wenyeji wataruhusiwa kukaa na kuwinda katika nchi yao? Kwa habari aliyoisimulia Shingas mwenyewe, Braddock alijibu kwamba Waingereza ndio watakaokaa na kuirithi nchi, wala mshenzi hatarithi kitu. Shingas na wenzake walijibu kwamba wasipokuwa na uhuru wa kukaa katika nchi hiyo, hawataipigania. Wakaenda zao.

Tarehe 9 Julai jeshi la Braddock, askari wapatao 1,300 waliotangulia, walivuka mto Monongahela. Wapelelezi wenyeji waliobaki naye hawakufika hata 10. Upande wa pili walitoka watu wapatao 900, na zaidi ya 600 katika hao walikuwa wapiganaji wa mataifa ya wenyeji. Waingereza walisimama njiani katika safu, wamevaa nguo nyekundu, wakipiga risasi ovyo katika miti. Adui zao walienea pande zote mbili msituni, kila mtu nyuma ya mti wake. Jioni ilipofika, watu wa Braddock karibu 900 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Braddock mwenyewe alikufa kwa majeraha siku ya nne. Baada ya hapo Wadelaware na Washawnee waliwashambulia walowezi mpakani mwa Pennsylvania na Virginia, na watu wa shamba, wengi wao wanawake na watoto, walilipia kwa damu jibu la jenerali.

MAPATANO YASIYOWAHUSISHA WOTE

Wafaransa nao walikosa kwa namna yao. Mwezi wa Agosti 1757 jemadari wao, Montcalm, aliizingira ngome ya Kiingereza iitwayo William Henry. Alikuwa na watu karibu 8,000, na katika hao wenyeji karibu 2,000 kutoka mataifa zaidi ya 30. Wengine walikuwa wamesafiri mamia ya maili kwa mitumbwi. Hawakuwa na mshahara. Desturi yao ilikuwa kwamba mpiganaji hurudi nyumbani na mateka au nyara, ili aonyeshe kwamba safari yake haikuwa ya bure. Na wengine wao walikuwa na jamaa zao waliokufa, ambao mateka wangewekwa mahali pao.

Tarehe 9 Agosti, baada ya mizinga kuibomoa ngome, Kanali Monro alisalimu amri. Montcalm, kwa desturi ya Ulaya, aliwapa Waingereza heshima zote: watoke na silaha zao na mali zao, mradi waahidi kutopigana kwa miezi 18. Mkataba ulikuwa wa uungwana, lakini ulifanywa baina ya wazungu tu. Wenyeji walielezwa ulipokwisha kuamuliwa. Kwao maana yake ilikuwa kwamba baba yao amewanyang'anya haki yao na kumpa adui. Kesho yake asubuhi, Waingereza walipokuwa wakiondoka, waliwaangukia. Wanahistoria hukadiria kwamba waliouawa walikuwa kati ya 69 na 184, na mamia walichukuliwa mateka. Hakuna awezaye kuyasifu mauaji ya watu waliokwisha salimu amri, wengine wao wagonjwa waliolala vitandani. Lakini atakaye kujua chanzo chake lazima aitazame ile meza ya mapatano, aone ni nani aliyeachwa nje.

Hasara haikuishia hapo. Ndui ilikuwamo ngomeni, nao wapiganaji waliirudisha kwao, ikaua watu wengi vijijini. Tangu mwaka huo mataifa ya magharibi hayakuja tena kwa Montcalm kwa wingi ule.

JIWE LAHAMIA UPANDE WA PILI

Mwaka wa 1758 mizani iligeuka. Waingereza waliteka Louisbourg kwa njia ya bahari, na jeshi la watu wapatao 6,000, chini ya Jenerali Forbes, lilianza kukata barabara kuelekea Duquesne. Forbes alikuwa mgonjwa sana hata ikabidi abebwe, lakini alielewa jambo ambalo Braddock hakulielewa: kwamba ngome ile haitatekwa wakiwa Wadelaware na Washawnee wangali upande wa Wafaransa. Mhubiri mmoja, Christian Frederick Post, aliyejua lugha yao, alipelekwa Ohio na maneno ya amani. Wenyeji walimuuliza swali lililokuwa gumu kujibu: kwa nini Waingereza na Wafaransa wasipigane kwao, au baharini, badala ya kuja kupigana juu ya nchi ya watu wengine?

Mwezi wa Oktoba ulifanywa mkutano mkubwa huko Easton, katika Pennsylvania. Wenyeji wapatao 500, kutoka mataifa 13, walihudhuria. Pennsylvania ilirudisha ardhi iliyokuwa imeinunua ng'ambo ya milima, na wenyeji wakaahidiwa kwamba walowezi hawatakaa huko. Habari zilipofika Ohio, wapiganaji waliwaacha Wafaransa. Tarehe 24 Novemba Wafaransa waliilipua ngome yao wenyewe wakakimbia, na kesho yake Forbes akaingia katika majivu. Mahali hapo ndipo ulipo mji wa Pittsburgh leo. Ahadi iliyotolewa Easton ilifanya kazi ambayo jeshi la Braddock lilishindwa kuifanya.

Mwaka uliofuata watu wa Iroquois nao waliacha kusimama katikati. Wapiganaji wapatao 900 walifuatana na William Johnson, wakala wa Waingereza, kwenda kuizingira ngome ya Niagara, nayo ikaanguka mwezi wa Julai 1759. Tarehe 13 Septemba mji wa Quebec uliamuliwa katika vita vya muda usiotimia saa moja, ambamo majemadari wote wawili, Wolfe na Montcalm, walipata majeraha ya kufa. Tarehe 8 Septemba 1760 Montreal ilisalimu amri. Katika mapatano ya siku hiyo iliandikwa kwamba wenyeji waliokuwa rafiki za Wafaransa wataachwa wakae katika ardhi zao.

AMANI BILA WENYE NCHI

Sasa alibaki mzungu mmoja, na jiwe la mizani halina kazi mahali penye sahani moja tu. Jenerali Amherst, mkuu wa majeshi ya Waingereza, aliona zawadi ni gharama isiyo na maana. Akazipunguza, akaagiza baruti isiuzwe kwa wingi. Kwa mtu aishiye kwa kuwinda, kumnyima baruti ni kumnyima chakula. Tarehe 10 Februari 1763 mkataba wa amani ulitiwa sahihi Paris. Ufaransa ilimpa Mfalme wa Uingereza Canada na nchi yote ya mashariki ya Mississippi, isipokuwa New Orleans. Hakuna mjumbe hata mmoja wa mataifa ya wenyeji aliyekuwapo. Waliposikia, waliuliza: mtu awezaje kutoa kitu ambacho hajawahi kukimiliki?

Mwezi wa Mei mwaka huo Pontiac, mkuu wa Waottawa, aliizingira ngome ya Detroit, na vita vikaenea. Ngome nane zilitekwa. Huko Michilimackinac Waojibwa walicheza mpira wa vigongo mbele ya ngome, askari wakitazama. Mpira ukatupwa karibu na lango, wachezaji wakaukimbilia, wakapokea silaha ambazo wanawake walikuwa wamezificha chini ya mablanketi. Katika ngome ya Pitt, Waingereza waliwapa wajumbe wa Wadelaware mablanketi mawili na kitambaa vilivyotoka katika hospitali ya ndui, kwa kusudi la kuwaambukiza. Hayo yameandikwa na mmoja wao katika daftari yake. Vita vilivyoanza kwa mabamba ya risasi vilikuwa vimefika mahali hapo.

Tarehe 7 Oktoba 1763 Mfalme George wa Tatu alitoa Tangazo. Mpaka uliwekwa katika milima ya Appalachian, walowezi wasivuke, na ardhi ya wenyeji isinunuliwe na mtu binafsi, ila na Serikali ya Mfalme peke yake, katika mkutano wa hadhara na wenyeji wenyewe. Mwaka wa 1764 William Johnson aliwasomea wajumbe wapatao 2,000 Tangazo hilo huko Niagara, na ahadi zikafungwa kwa mikanda ya shanga za kombe, ambayo kwa watu wale ni kama hati iliyotiwa muhuri. Pontiac alifanya amani mwaka wa 1766.

Mpaka haukushikwa. Walowezi walivuka, na walanguzi wa ardhi walipima mashamba kwa siri. Washington mwenyewe, mwaka wa 1767, aliagiza atafutiwe ardhi nzuri ng'ambo ya mpaka, akiamini kwamba katazo lile ni la muda tu. Mwaka wa 1783, baada ya makoloni kujipatia uhuru, mkataba mwingine ulitiwa sahihi Paris na nchi ile ikatolewa tena, sasa kwa Marekani, na kwa mara ya pili hakuna mwenyeji aliyekuwapo.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tumeona mambo mawili. La kwanza ni kwamba mataifa haya hayakupoteza kwa uchache wa ushujaa wala wa akili. Yalishinda vita vingi, na hesabu yao ya kusimama kati ya wakubwa wawili iliwalinda muda wa zaidi ya miaka 50. Lakini hesabu hiyo ilitegemea kuwapo kwa wakubwa wawili. Mmoja alipoondoka, urafiki wa yule wa pili ulipungua siku ile ile.

La pili ni kwamba ahadi inayotolewa wakati wa shida hupimwa wakati wa raha. Ahadi za Easton na Montreal zilitolewa Waingereza walipokuwa na haja. Haja ilipokwisha, wengi walizisahau. Hata hivyo hazikufa zote. Wenyeji waliitunza mikanda yao na kumbukumbu zao kizazi baada ya kizazi. Katika mwaka wa 1973 Mahakama Kuu ya Canada, katika kesi iliyoletwa na Wanisga'a, ilikubali kwamba haki ya wenyeji juu ya ardhi ilitambulikana kisheria. Na Katiba ya Canada ya mwaka wa 1982 inalitaja kwa jina lile Tangazo la 1763. Maneno yaliyosemwa na kuandikwa zaidi ya miaka 200 kabla yake yalikuwa yangali na nguvu, kwa sababu walikuwapo watu waliokataa kuyasahau.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Kwa nini zawadi za Wafaransa hazikuwa mshahara wala rushwa? Amherst alikosea nini alipozipunguza?

2. Linganisheni jibu la Braddock kwa Shingas na mkutano wa Easton. Ni lipi lililowaletea Waingereza faida, na kwa sababu gani?

3. Mapatano ya William Henry yalikuwa ya uungwana baina ya majemadari wawili. Je, mapatano yaweza kuwa ya haki ikiwa mmoja wa waliopigana hakuitwa mezani?

4. Hendrick aliijua hatari tangu 1754, hata hivyo alishika upande mmoja. Kama ungalikuwa katika baraza lake, ungalimshauri nini?